Shajara ya mradi: mfano wa mfumo wa kupoza kinu cha nyuklia, kwa hita, hozpaipu na maji ya bahari ya Kilifi

8 Februari 2025: Tunachojenga, na kwa nini

Tangu Uyombo itajwe kuwa huenda ndipo kitakapojengwa kituo cha kwanza cha umeme wa nyuklia nchini Kenya, mabaraza ya hapa Kilifi yamejaa kauli mbili. Wapo wanaosema kitalipuka kama bomu, na wapo wanaosema teknolojia ya leo imeshamaliza hatari zote. Pande zote mbili zinalipita swali lenyewe. Urani iliyo fueli ya kituo cha umeme haikurutubishwa kufikia kiwango cha bomu, kwa hiyo haiwezi kulipuka kama bomu la atomiki. Hatari kubwa ya kinu iko kwenye maji. Kinu kikishazimwa, fueli yake huendelea kuzaa joto, na joto hilo lisipoondolewa fueli huyeyuka.

Nafundisha ufundi wa majokofu na mabomba. Mimi na wanafunzi wangu tumeamua kujenga mfano mdogo unaoonyesha jambo hili kwa macho, tuupeleke shuleni na barazani. Shajara hii inaandikwa kwa ajili ya mwalimu au fundi mwingine atakayetaka kujenga wake, ili asirudie hasara zetu.

Hesabu ya kuanzia ni hii. Kituo cha megawati 1,000 za umeme huzalisha takriban megawati 3,000 za joto, na kama thuluthi mbili ya joto hilo huishia baharini, ziwani au hewani. Kinu kikizimwa, joto haliendi sifuri. Mara tu baada ya kuzimwa hubaki asilimia 6 hadi 7, yaani karibu megawati 200. Baada ya saa moja ni kama asilimia 1.5, na baada ya siku nzima ni karibu asilimia 0.5, yaani megawati 15. Hizo 15 zinaonekana ndogo, lakini zinatosha kugeuza tani 20 hivi za maji kuwa mvuke kila saa. Ni malori mawili ya maji ya lita 10,000, kila saa, usiku na mchana, na hapo kinu kimeshazimwa tangu jana.

Watu hupenda kulifananisha joto hili na chungu kilichoepuliwa. Mfano huo unapotosha, kwa sababu chungu hupoa chenyewe ukikiacha. Fueli ya nyuklia iliyozimwa bado inazaa joto jipya kutoka kwa viini vya atomi vinavyooza ndani yake, na hakuna swichi ya kulizuia. Mfano wetu lazima uonyeshe hilo kabla ya kingine chochote.

1 Machi: Mzunguko wa kwanza unafanya kazi

Kazi imekwenda haraka. Chombo cha chuma cha pua chenye mfuniko wa kubana, lita 1 na nusu, ndicho kinu (shilingi 1,200). Ndani yake kuna hita ya wati 1,000 (850). Pampu mbili ndogo za volti 12 zinazostahimili maji moto (1,800) zinaendeshwa na adapta ya kompyuta kuukuu: moja inazungusha maji ya kinu, nyingine inavuta maji ya bahari kutoka kwenye pipa. Kibadilisha joto, kinachopitisha joto la maji ya kinu kwenda kwenye maji ya bahari bila maji hayo kuchanganyika, ni rejeta ndogo ya hita ya gari kutoka kwa wauza spea kuukuu (800), imezamishwa kwenye ndoo ya maji ya bahari. Vipimajoto vinne (1,800), mbao na misumari (2,000), mita nane za hozpaipu angavu (960).

Swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja (1,900) ilinunuliwa kabla ya kitu kingine chochote. Umeme wa nyumbani na maji ya chumvi kwenye meza moja ni hatari, na asiyeweza kuinunua swichi hii asianze mradi.

Jambo la pili la usalama: mzunguko wetu haufungwi kamwe. Juu kabisa kuna chupa iliyo wazi ambamo maji yakitanuka hupanda. Kinu halisi cha maji ya presha huzuia maji yasichemke kwa kuyaweka chini ya presha ya takriban bar 155, na maji hayo hufika nyuzi zaidi ya 320. Sisi hatuna haja ya presha yoyote, na kikomo chetu ni nyuzi 90. Ikifika hapo, kila kitu kinazimwa.

Kilichoharibika siku ya kwanza ni hozpaipu angavu. Ikipita nyuzi 70 hulainika kama utumbo, na klipu ikateleza. Upande wa moto sasa una hozi ya silikoni (1,500). Upande wa baridi tumeuacha angavu ili rangi ya maji ionekane.

Chagueni pampu ya kuzungusha (yenye kigurudumu ndani), si ya kiwambo (inayosukuma maji kwa utando). Ya kuzungusha ikizimika maji bado yanaweza kupenya katikati yake. Ya kiwambo ikizimika hufunga njia, na majaribio yote ya baadaye yatakwama.

22 Machi: Plagi iliyofundisha uongo

Ramadhani imetupunguzia kasi, wanafunzi wengi wamefunga, lakini kipande hiki ndicho muhimu kuliko vyote na kimestahili muda wake.

Tuliwaita wanafunzi wa darasa jingine watazame. Pampu zikavuma, hita ikawaka, vipimajoto vikatulia kwenye nyuzi 41. Kisha tukachomoa plagi kuonyesha umeme umekatika. Pampu zikanyamaza, hita nayo ikazimika, na maji yakaanza kupoa polepole. Msichana mmoja aliyekaa mbele akasema, “Kumbe umeme ukikatika ndiyo salama zaidi.” Kwa alichokiona mbele yake alikuwa sahihi kabisa. Meza yetu ilikuwa imefundisha kinyume cha ukweli.

Kwa hiyo tunahitaji hita ya pili, ndogo, isiyotegemea plagi. Asilimia 6 ya wati 1,000 ni wati 60. Tulijaribu kwanza hita ya tangi la samaki (1,100). Haifai hata kidogo: ina thamostati ndani inayoizima karibu na nyuzi 34, na maji yetu ya Kilifi hukaribia 30 kabla hujafanya lolote. Ikawekwa kando.

Suluhisho ni hita mbili za kikombe za gari, kila moja volti 12 na wati 120 (1,300 kwa zote mbili), zikaungwa moja nyuma ya nyingine. Zikiungwa hivyo, kwa pamoja hutoa wati 60. Zinaendeshwa na betri kuukuu ya gari (3,500) iliyo ndani ya sanduku la mbao chini ya meza. Kwenye ubao wa swichi hakuna kitufe chochote cha kuizima. Namna pekee ni mwalimu kuingiza mkono sandukuni na kufungua klipu, nasi hufanya hivyo tukifika nyuzi 90 tu.

Hata hivyo chombo kilikwama kwenye nyuzi 74 na hakikupanda tena. Kuta za chuma zilikuwa zinatoa joto hewani sawasawa na linalozaliwa, na mtazamaji angeweza kuondoka akidhani kinu hujipoza chenyewe. Tukakifunga kwa sufi, ile ya mito, ndani ya kitambaa kinene (300). Sasa pampu zikizimwa, chombo kinaendelea kupanda mpaka kinafika 90. Darasa lote hukodolea macho kipimajoto kinachopanda wakati taa zote za meza zimezimika, na hakuna anayeuliza tena kama kukatika kwa umeme ni salama.

12 Aprili: Maji yanayotembea bila pampu

Maji ya moto ni mepesi, hupanda. Maji ya baridi ni mazito, hushuka. Ukiweka kibadilisha joto juu ya kinu, maji huzunguka yenyewe. Vituo vingi vya nyuklia hutegemea jambo hili kama ulinzi pale pampu zinapokosa umeme.

Ndoo yetu ya maji ya bahari ilikuwa sakafuni, chini ya kinu. Pampu ikizimwa, hapakuwa na mwendo wowote: joto lilikaa juu, baridi ikakaa chini, kila moja kwake. Tulijenga jukwaa la mbao na kuipandisha ndoo sentimita 80 juu ya kinu. Tukatia tone la rangi ya chakula kwenye bomba angavu. Halikusogea.

Tulikagua kila kiungo. Kosa lilikuwa kwenye kona ya juu kabisa ya bomba, ambapo hozi ilijikunja kama mgongo wa paka na kushika hewa, kiasi cha upana wa vidole viwili. Pampu ikiwaka, hewa ile haikuleta tabu, kwani ilisukumwa tu. Lakini nguvu inayosukuma mzunguko wa asili ni ndogo mno. Kwa tofauti ya nyuzi 20 na kimo cha sentimita 80, hesabu inatupa kama milimita 7 tu za kimo cha maji. Nguvu ya unene wa kidole haiwezi kulibeba pengo la hewa juu ya kona.

Dawa yake: mabomba yote yapande mfululizo bila kujikunja, na mahali pa juu kabisa pawe kwenye ile chupa iliyo wazi ili hewa itoke yenyewe. Baada ya hapo tone la rangi lilianza safari, polepole, likazunguka hadi likarudi lilikoanzia. Wanafunzi walipiga makofi. Kipimajoto cha juu kilisimama kwenye nyuzi 52 na kikabaki hapo, pampu zote zikiwa zimekufa.

Hapa ndipo ninaposimulia Three Mile Island, Pennsylvania, 28 Machi 1979. Valvu ya kupunguza presha ilikwama wazi, maji yakawa yanatoka, na taa kwenye meza ya waendeshaji ilionyesha tu kuwa amri ya kuifunga imetolewa, si kuwa valvu yenyewe imefunga. Baadaye pampu kubwa zilipoanza kutetemeka, wakazizima, wakitarajia mzunguko wa asili ushike kazi. Haukushika, kwa sababu mabomba yalikuwa yamejaa mvuke sehemu za juu. Karibu nusu ya kiini cha kinu iliyeyuka. Pengo letu la vidole viwili lilikuwa la hewa na lao la mvuke, lakini kilichoukata mzunguko ni kitu kimoja.

10 Mei: Ndoo imegeuka waridi

Maji ya mzunguko wa kinu tumeyatia rangi nyekundu tangu mwanzo, kuwakilisha maji yanayoweza kubeba mionzi. Juzi asubuhi tulikuta ndoo ya bahari ina rangi ya waridi.

Tulipoitoa rejeta, mbavu zake zilikuwa na unga mweupe, na karibu na kiungo cha shaba palikuwa na vitundu vidogo kama vya sindano. Rejeta ni ya alumini. Alumini na shaba zikigusana ndani ya maji ya chumvi huunda betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Wiki kadhaa tu zimetosha kuimaliza. Wavuvi wa hapa wanaijua tabia hii kwa vyuma vya mashua zao, tungewauliza wangetuambia bure. Vituo vingi vya pwani hutumia mirija ya titani kwa kazi hii, kwa sababu titani inastahimili maji ya bahari. Sisi tumenunua mita sita za bomba jembamba la shaba na kulikunja koili (4,200), bila alumini popote.

Ila sikutaka tuishie kwenye kubadilisha chuma. Ndoo ile ya waridi ni somo lenyewe. Bomba lolote litatoboka siku moja. Swali ni kinachotokea likitoboka. Ndiyo maana vituo vingi haviruhusu vifaa vinavyogusa maji ya kinu vipozwe moja kwa moja na bahari. Katikati huwekwa mzunguko wa tatu, wa maji safi yaliyofungwa, yanayopimwa kila wakati. Kinu kikivuja, uchafu unaishia kwenye mzunguko wa katikati na kipima mionzi kinapiga kelele kabla tone halijafika baharini.

Tukaligawa bomba la shaba koili mbili: moja inaunganisha kinu na ndoo ndogo ya maji safi, ya pili inaunganisha ndoo hiyo na bahari. Pampu ya tatu imegharimu 900. Sasa tunaweza kulegeza kiungo makusudi na kuonyesha rangi ikiishia ndoo ya katikati. Bei yake ni joto: kila kibadilisha joto kinataka tofauti ya nyuzi zake, na kinu chetu sasa hutulia kwenye nyuzi 49 badala ya 41. Mhandisi wa kituo halisi hulipa gharama hiyohiyo, na kwenye bahari ya joto kama yetu au ya Ghuba inauma zaidi kuliko kwenye Atlantiki ya baridi inayopoza Koeberg, Afrika Kusini.

7 Juni: Valvu iliyojifunga gizani

Tulitaka kuonyesha mfumo wa kupoza wa dharura unaofunguliwa kwa swichi. Tukanunua valvu ya umeme ya mashine ya kufulia (600) na kuiweka kwenye njia ya mzunguko wa asili. Ilitushinda kwa namna mbili.

Kwanza, valvu za aina hii zinahitaji presha ya bomba la mjini ili zifunguke. Mzunguko wetu una milimita 7 za maji. Hata ikiwa na umeme, haikufunguka vya kutosha. Pili, umeme ukikatika, springi inaifunga. Yaani kile tulichokiweka kwa ajili ya siku ya giza kilijifunga palepale giza lilipoingia.

Hili la pili tumeliacha kwenye maonyesho kwa wiki mbili, kwa sababu linafanana mno na yaliyotokea kwenye kinu namba 1 cha Fukushima Daiichi, Japani, 11 Machi 2011. Kinu hicho kilikuwa na kondensa ya dharura isiyohitaji pampu: mvuke hupanda, hupozwa kwenye tangi la maji lililo juu, na maji hurudi kinuni kwa uzito wake. Tetemeko la saa 8 na dakika 46 mchana lilikata umeme wa gridi, jenereta za dizeli zikawaka, kondensa ikawa inafanya kazi vizuri. Waendeshaji walikuwa wakiifungua na kuifunga ili kinu kisipoe kwa kasi kupita kiasi. Chini ya saa moja baadaye tsunami ikaja, jenereta zikafurika, na hata betri za vyombo vya kupimia zikapotea. Mfumo wa kugundua uvujaji ulipokosa umeme ulitoa amri ya kufunga valvu, kama ulivyoundwa kufanya. Ndani ya chumba cheusi, bila kipimo chochote, watu hawakuweza kujua kwa hakika kama kondensa inapoza au haipozi. Haikuwa inapoza. Kesho yake, saa 9 na dakika 36 alasiri, hidrojeni iliyotokana na fueli iliyopata joto kali mno ikalipua paa la jengo.

Mtu aliyeiunda valvu ile ijifunge hakuwa mjinga. Alikuwa anazuia mvuke wenye mionzi usitoke bomba likipasuka. Ila siku hiyo tatizo lilikuwa jingine. Kila valvu kwenye mchoro inafaa iulizwe: umeme ukipotea itabaki wazi, itajifunga, au itabaki ilivyokuwa? Na je, jibu hilo linafaa kwa kila aina ya msiba, au kwa mmoja tu?

Tumeweka valvu tatu za mkono wa kuzungusha (1,350). Hubaki pale ulipoziacha. Pia tumeondoa taa ya kijani iliyokuwa inaonyesha “pampu inafanya kazi”, kwani iliwaka hata hozi ilipobanwa. Badala yake kuna kigurudumu ndani ya bomba angavu (700). Kikizunguka, maji yanatembea. Kikisimama, hayatembei, taa iseme itakavyo.

16 Agosti: Konyeza

Wiki hii habari zimetufanyia kazi. Kituo cha Gravelines, kaskazini mwa Ufaransa, kimezima vinu vinne kwa sababu konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha, walijaa kwenye ngoma za kuchuja maji ya bahari. Si mara ya kwanza duniani: Torness ya Scotland ilizimwa na konyeza mwaka 2011, na Oskarshamn ya Sweden mwaka 2013. Gravelines vinu vilijizima vyenyewe kama inavyotakiwa na hapakuwa na madhara kwa watu.

Sisi tulikuwa tumeshaweka wavu wa mbu kwenye mdomo wa pampu ya bahari, basi tukaujaribu kwa mwani halisi uliotupwa ufukweni. Wavu mmoja uliziba kwa dakika chache. Nyavu mbili, za matundu makubwa nje na madogo ndani, zilidumu zaidi, lakini kilichosaidia kweli ni kuongeza eneo: tulitengeneza kikapu cha wavu kikubwa mara kadhaa kuliko mdomo wa pampu, hivyo maji yanaingia polepole na hayauvuti mwani kwa nguvu. Gharama hakuna, wavu ulikuwa chandarua kilichochanika.

Linalostahili kusemwa wazi kwa watazamaji ni kwamba maji mengi yanayovutwa na kituo ni ya kupoza mvuke kwenye kondensa ya tabo, mashine inayozungushwa na mvuke kutengeneza umeme. Kinu kikizimwa, hitaji hushuka sana. Zaporizhzhia, Ukraine, baada ya bwawa la Kakhovka kubomolewa Juni 2023, vinu sita vilivyozimwa vimekuwa vikipozwa kwa maji ya visima 11 vinavyotoa mita za ujazo 250 hivi kwa saa. Mlango wa bahari ukiziba si lazima iwe msiba, mradi kuna njia ya pili iliyoandaliwa mapema.

20 Septemba: Barazani, na swali la mzee

Kipande cha mafuriko ni beseni pana (650) lenye vigingi vya vimo tofauti. Pampu ya bahari inasimama chini, betri ya akiba kwenye kigingi chochote utakacho. Unamwaga maji kwa ndoo upande mmoja na kuona kipi kinazama.

Tulianza na Fukushima: kituo kilijengwa kikikadiria wimbi la mita 3.1, makadirio yakapandishwa baadaye hadi mita 5.7, likaja la kama mita 14. Pampu za bahari zilikuwa chini karibu na gati, jenereta nyingi kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Jenereta moja ya kinu namba 6, inayopozwa kwa hewa na iliyowekwa juu zaidi, ilinusurika, na hiyo moja ikaviokoa vinu namba 5 na 6. Onagawa ilikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko, lakini ilijengwa karibu mita 15 juu ya bahari na ikazima salama. Fukushima Daini nayo ilipoteza pampu za bahari za vinu vitatu kati ya vinne, ila laini moja ya umeme ilibaki. Wafanyakazi walibeba nyaya nzito mabegani wakatandaza kilomita 9 kwa takriban siku moja, wakabadilisha mota, na vinu vyote vikapoa.

Kisha nikasogeza karibu na kwetu. Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ya Bahari ya Hindi ilifurika nyumba ya pampu za bahari ya kituo cha Kalpakkam, India, na kinu kilichokuwa kinafanya kazi kikazimwa salama. Mawimbi hayohayo yalifika hapa Pwani. Watu wazima barazani wote waliikumbuka siku ile.

Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akainua fimbo. “Mwalimu, siku ile mimi nilikuwa ufukweni. Maji hayakuanza kwa kuja, yalianza kwa kwenda. Yalirudi nyuma hadi tukaona mawe ambayo hatujapata kuyaona. Sasa hiyo pampu yako, bahari ikiondoka, itanyonya nini?”

“Itanyonya hewa, mzee,” nikamjibu.

“Na ikishanyonya hewa, bahari ikirudi, itavuta tena?”

Tulijaribu papo hapo, mbele yake. Tukateka maji ya beseni hadi mdomo wa pampu ukabaki wazi, tukasubiri, tukarudisha maji. Pampu ilivuma lakini kigurudumu hakikuzunguka. Ilikuwa imeshika hewa tumboni. Mama mmoja akauliza mbona taa ya adapta bado inawaka, na nikafurahi kuwa kile kigurudumu kipo.

18 Oktoba: Kizingiti, hesabu na hatua inayofuata

Swali la mzee limetupa kazi ya mwezi mzima na ndilo bora tulilopata. Wabunifu wa vituo huhesabu kiwango cha chini kabisa cha bahari sawa na cha juu, na Onagawa mlango wa maji uliundwa ubakize maji ya kupoza hata bahari ikirudi nyuma. Tumejenga kitu hichohicho: kizingiti cha saruji ndani ya beseni, nyuma yake kidimbwi kinachobaki na maji bahari ikiondoka. Kizingiti cha kwanza kilivuja chini, kwa sababu saruji haishiki plastiki laini. Tukakwaruza beseni kwa msasa na kuziba kwa silikoni ya madirisha iliyobaki karakana. Sasa pampu inaendelea kuvuta bahari ikiwa imeondoka, mpaka kidimbwi kinapokwisha, na tunamwonyesha mtazamaji kwamba kidimbwi nacho kina mwisho wake.

Pampu yenyewe tumeishusha chini ya kimo cha kidimbwi ili maji yaingie tumboni mwake kwa uzito wake. Ikishika hewa, inaitoa na kuvuta tena bila kuguswa. Kama unaanza leo, fanya hivi tangu siku ya kwanza.

Fedha zote hadi leo ni shilingi 27,410. Ukiondoa vilivyotupwa, yaani hita ya samaki, rejeta ya alumini na valvu ya mashine ya kufulia, atakayejenga kwa kufuata shajara hii atumie kama 24,910, na chini ya hapo akiwa na betri yake. Shule mbili za hapa zimeshaomba vipimo, na sasa kwa kuwa Siaya nayo imeingia kwenye mazungumzo ya kituo, tunaandaa toleo la maji yasiyo ya chumvi, ya Ziwa Victoria. Huko hakuna chumvi wala tsunami, lakini kuna gugumaji, na kiwango cha ziwa hupanda na kushuka. Kikapu cha wavu kitabidi kijaribiwe upya kwa gugumaji lenyewe, si kwa mwani wetu.

Hatua inayofuata ni bwawa la fueli iliyotumika, yaani bwawa la maji ambamo fueli iliyotolewa kinuni huendelea kupozwa. Bwawa la kinu namba 4 cha Fukushima lilikuwa na mafungu 1,535 ya fueli, na kwa siku kadhaa dunia nzima haikujua kama bado lina maji. Tutatumia tangi la kioo, hita ileile ya wati 60 na rula iliyobandikwa ukutani, tupime maji yanashuka kwa kasi gani yakiachwa bila kuongezwa. Kioo kimeshapatikana. Tunangoja silikoni ikauke.